Yai la Ishirini na Nane

"Kitendawili!" Mama Sweta aliwaambia wafumaji wake asubuhi moja, uzi ukiwa bado kwenye vikapu na chai ikifuka mezani.

"Tega!"

"Hupita kwangu kila asubuhi mbio mbio. Jina lake nalisoma, uso wake siuoni."

Wakakuna vichwa. Mmoja akasema ni gari la taka. Mwingine akasema ni jua, akaulizwa tangu lini jua likaandikwa jina ubavuni. Redio, mfumaji aliyepewa jina hilo kwa sababu aliumbwa bila kitufe cha kuzimia, akainua kijiko kama mwalimu.

"Huyo ni mchumba wangu wa kwanza. Akiniona tu, anavuka barabara."

Chai ikawapalia kwa kicheko.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Tunakupa mji wenye umeme usiokatika."

"Nimekwenda mji huo," Mama Sweta akasema, "nikakuta wenyeji wote wamelala, wamesahau namna ya kuwasha mshumaa. Mji haunifai. Jibu nitawapa siku nyingine. Haya, kazini!"

Siku nyingine hiyo ilikawia, maana jibu lenyewe Mama Sweta hakuwahi kulitamka mbele ya mtu.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Ukutani zilijipanga mashine nne za kufuma, kila moja ina safu ya sindano kama meno ya kitana, na juu yake kigari ambacho mfumaji hukisukuma kushoto, akakirudisha kulia, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, tangu chai ya asubuhi hadi jua kugeuka. Kutoka kila mashine ulitambaa waya wa kijivu, ukafuata ukuta hadi pembeni, kwenye kompyuta kuukuu iliyovishwa sweta yake yenyewe isiingiwe na vumbi. Kompyuta ndiyo iliyoziambia sindano ipi iinuke na ipi ilale, hata nembo ya shule ikatokea kifuani mwa sweta bila mtu kuhesabu mishono.

Aliyeziunga mashine hizo ni mumewe, Fundi Waya. Alikuwa mtu wa kutengeneza chochote chenye nyaya mbili. Siku alipokwenda kuposa, bisibisi ilikuwa mfukoni mwa shati, na kabla ya kikao kwisha alikuwa ameshaifungua redio ya mkwewe. Watu walikuwa wakisema atazikwa nayo hiyo bisibisi. Hawakumzika nayo. Ilibaki kwenye droo ya meza ya kompyuta, mpini wake umelainika kwa jasho la kiganja chake, na Mama Sweta hakuruhusu mtu kuitumia hata kufungulia kopo.

Zamani, katika mwaka wa kwanza wa karakana, aliwahi kumwomba mumewe abadilishe jambo dogo tu kwenye ile kompyuta. Fundi akavuta kiti, akashinda hapo hadi chakula kikapoa.

"Baba Watoto, kwani huwezi kubonyeza tu mara moja?"

"Za kubonyeza zipo, mke wangu. Hii yetu ni ya zamani, mambo yake makubwa yamo ndani ya kiini, ile programu inayoendesha kila kitu. Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai. Hicho hata mtoto anyonyaye anakijua."

"Basi, ukitaka kuongeza chumba ndani ya yai, utapitia wapi?"

Mama Sweta alifikiri. "Sipiti popote. Namwomba kuku atage jingine."

"Umenena. Na kuku mwenyewe ndiye huyu unayemwona."

Tangu siku hiyo, Fundi Waya alipokuwa akiunda kiini upya, wafumaji waliambiana kwa minong'ono, "Fundi anataga leo, msimpigie kelele." Naye hakukasirika. Mara nyingine, maandishi yakiisha kutiririka, aliwika kidogo.

Kila yai lilikuwa na alama. Kompyuta ikiwashwa, kioo kilikuwa cheusi, mara maandishi meupe yakaanza kupanda mbio kama siafu waliochokozwa, na kwenye mstari wa kwanza kabisa kiini kilijitambulisha: nani alikiunda, kwenye mashine ipi, na ni cha ngapi. Mama Sweta alisoma shule ya msingi, maneno mengine yote yalimpita kama mazungumzo ya wageni kwenye foleni. Lakini mumewe alimwekea kidole pale pa kusoma.

"Ona. *waya*, ndiye mimi. *sweta*, ni jina nililoipa mashine, maana nitaiita nini tena? Na hiki kilicho katikati, kilichojikunja kama konokono, maana yake ni 'yuko kwa'."

"Waya yuko kwa Sweta," Mama Sweta akasoma.

"Na yuko kila siku, hata umfukuze."

*waya@sweta*, na mbele kidogo, namba. Lile la mwisho lilikuwa la ishirini na saba.

Halafu mwaka uliopita, msimu wa mvua, Fundi Waya alilala akiwa mzima na hakuamka. Mtoto wao wa mwisho, Kitinda, ndiye peke yake aliyefuata kazi ya kompyuta, na ajira ilimpeleka mbali. Alifika msiba ukiwa umeshaanuliwa, udongo wa kaburi umekauka. Mama yake alimkumbatia, hakumlaumu. Lakini kitu fulani kilikaa kati yao tangu hapo, kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Si jeraha, ila kila hatua unaisikia.

Mama Sweta alipofungua tena karakana baada ya matanga, aliwasha kompyuta kwa mazoea tu, hana analowaza. Kioo kikawa cheusi. Mstari wa kwanza ukapita, na Fundi akapita nao.

Akashika ukingo wa meza. Akazima, akawasha tena. Akapita tena.

Kuanzia hapo akawa anatangulia kufika kabla ya wafumaji wote. Wao walisema mama ana bidii.

Sasa, mwaka huu shule mpya ilifunguliwa upande wa pili wa mji, na mwalimu mkuu wake, mama wa miwani mikubwa na maneno machache, akaja kuagiza sweta za wanafunzi wote. Kazi ilikuwa kubwa kuliko mikono. Mama Sweta akatafuta mashine mbili zaidi kwenye karakana iliyofungwa, akaajiri wafumaji wawili, mmoja mjane kama yeye, mwingine mama wa pacha. Mashine zikasuguliwa, zikatiwa mafuta, zikaungwa waya. Zikanyamaza kimya. Zile nne zinaimba, hizi mbili zimekaa kama wakwe.

Kwa bahati, Kitinda alikuwa amekuja likizo. Alikaa mbele ya kioo, akagusa hapa, akagusa pale, kisha akageuka.

"Mama, waya ni mzima na mashine ni nzima. Milango ya kupitishia amri ndiyo imekwisha. Kompyuta hii inajua milango minne tu, na idadi hiyo baba aliiweka ndani ya kiini. Haibadiliki kwa nje."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ama tununue kompyuta mpya…"

"Hapana."

"…ama nitage."

Redio alishangilia. "Kitinda kawa mtetea! Kumbe ukoo mzima mna mayai!"

Wote walicheka isipokuwa Mama Sweta. Alikuwa akikunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Hapana," akasema. "Yai la baba yako halijaoza."

"Sikusema limeoza, mama. Ni dogo."

"Tutabadilishana nyaya. Mashine ya kwanza ikipumzika, waya wake uhamie kwenye ya tano. Ya pili kwa ya sita. Penye nia hapakosi njia."

"Mama, zitachanganyikiwa."

"Watu sita wenye akili hawachanganyikiwi na nyaya nne."

Walichanganyikiwa kabla ya chakula cha mchana. Mama wa pacha alichomeka waya kwenye mashine yake ilhali kompyuta bado inamalizia kipande cha jirani, sindano zikapokea amri zisizo zao, na hakuna aliyetambua mpaka vipande viliposhonwa pamoja. Redio akaivaa sweta iliyotokea, akatembea nayo chumbani kwa madaha. Mbele ilimfika juu ya kitovu. Nyuma ilimfunika hadi magotini.

"Jamani, niangalieni! Mbele mwanafunzi, nyuma mwalimu mkuu!"

Na nyingine saba zilikuwa hivyo hivyo. Kicheko kilipoisha, walianza kufumua. Kufumua sweta ni kazi ya uchungu. Uzi unarudi umejikunja, umekumbuka kila ulipopita.

Siku iliyofuata ujumbe wa mwalimu mkuu ukaja kwa simu, mfupi kama yeye mwenyewe: shule inafunguliwa Jumatatu ijayo na watoto wanahitaji sweta zao, kama karakana imelemewa aambiwe mapema, atafute kwingine. Mama Sweta aliusoma mara mbili. Akainua macho na kuwaona wale wafumaji wapya wawili wameketi nyuma ya mashine zisizosema, mikono mapajani, wakijifanya hawamtazami. Kazi ile ikienda kwingine, na wao wataenda.

Jioni, wakati wa kufunga madirisha, Kitinda alimwendea mama yake.

"Mama, niambie ukweli. Huniamini?"

"Nikuamini katika nini?"

"Katika kazi ya baba. Mimi ndiye niliyemshikia tochi chini ya meza hiyo. Yeye mwenyewe alinifundisha. Au ni kwa sababu sikuwahi? Kwamba aliyechelewa kumzika hana haki ya kugusa vitu vyake?"

"Astaghafiru, mwanangu! Nani kasema hivyo?"

"Hakuna aliyesema. Ndiyo maana nauliza."

Mama Sweta alivuta komeo la dirisha la mwisho. Angesema nini? Kwamba mwanamke mzima mwenye wajukuu anakataa riziki ya watu kwa ajili ya neno moja linalopita kwenye kioo kabla hujapepesa jicho? Alichukua kufuli. "Twende, giza linaingia." Mchanga ndani ya kiatu ukasogea kidole kingine.

Kesho yake, kulipopambazuka, Kitinda aliondoka nyumbani akidhani mama yake bado yuko kwenye maombi yake. Alikuwa amekata shauri: atataga bila ruhusa, mashine sita zikiimba mama atasamehe. Lakini alipofika, mlango wa karakana ulikuwa umerudishwa tu, bila kufuli, na ndani kulisikika sauti ikizungumza polepole, ile sauti ya mtu aliyekaa kitandani akivaa soksi.

"Haya, umepita. Mimi sijambo. Mguu wa kushoto ndio unanisumbua, wa kulia unaucheka. Mtoto kaja. Kakonda, lakini hasemi. Anataka kutaga."

Kitinda alisukuma mlango. Mama yake alikuwa peke yake mbele ya kioo, na kidole chake kilikuwa kimegusa pembe ya juu, mahali ambapo tayari hapakuwa na kitu, maandishi yameshapanda na kutoweka.

"Shikamoo, mama."

Mama Sweta hakugeuka. "Marahaba." Kisha akaongeza, "Sogea uone. Lakini usipepese."

Akazima, akawasha. Cheusi. Mstari wa kwanza. *waya@sweta.* Ukapita.

Kitinda aliushika mgongo wa kiti. Mstari wa aina ile alikuwa ameuona kwenye mashine elfu, na kazini kwake hakuna anayeusoma. Ni kama kusoma jina la kiwanda chini ya sahani.

"Nikitaga mimi," akasema taratibu, "jina lake litaondoka. Litakuja langu."

"Najua. Alinieleza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeonekana zezeta."

"Mama." Kitinda alipiga magoti kando ya kiti, kama zamani akishika tochi. "Mashine haina macho. Itaandika lolote nitakaloiambia. Wakati wa kutaga naiambia tu kwamba mimi ni waya. Jina lake litapita kila siku kama kawaida, na milango itakuwa sita. Hakuna atakayejua."

Hapo Mama Sweta aligeuka. Jambo alilolitamani mwaka mzima limewekwa mkononi mwake, tena bila jasho. Moyo wake ulirukia *ndiyo*. Lakini jicho lake likaangukia kwenye rundo la sweta mezani, zilizogeuzwa ukosi nje kungoja kukaguliwa.

Kwenye karakana ile kulikuwa na kanuni moja ya zamani kuliko kompyuta. Kila mfumaji alikuwa na rangi yake, na akimaliza sweta, hupitisha uzi mfupi wa rangi hiyo ndani ya ukosi, mahali pasipoonekana. Redio nyekundu, bila shaka. Mwingine kijani, mwingine zambarau. Kosa likirudi, mwenyewe anajulikana, na sifa ikirudi, vilevile. Kutia uzi wa mwenzako kwenye kazi usiyomwona akiifanya lilikuwa kosa pekee ambalo Mama Sweta aliwahi kumfukuzia mtu. Na mfumaji akiugua au akihama kazi ikiwa katikati, anayepokea haufumui uzi wa mwenzake. Anauacha, anaendelea pale pale alipoishia, mwisho anatia wake pembeni.

Alichukua sweta moja, akaupapasa ule uzi wa ukosini kwa kidole gumba.

"Hapana," akasema. "Hilo nalo hapana. Baba yako alitaga yake ishirini na saba. Hili hakulitaga. Nikimwona anapita, nitajua si yeye, nitakuwa namsalimia mtu aliyevaa koti lake." Akairudisha sweta kwenye rundo. "Taga lako, mwanangu. Weka jina lako."

"Una uhakika?"

"Sina. Taga kabla sijabadilika."

Wafumaji walipofika walikuta Kitinda amejikunja mbele ya kioo, maandishi yanatiririka yasiishe.

"Anataga," Mama Sweta akawaambia. "Msimpigie kelele."

Redio aliweka kidole mdomoni na kukaa kimya, kitu ambacho baadaye walikitaja kama muujiza wa mwaka. Mashine ile ilikuwa kongwe, ilitafuna kazi hiyo kama mzee anavyotafuna muwa, jua likapanda, chai ya pili ikanywewa. Mama Sweta alishindwa kukaa. Akafagia palipofagiwa. Mwisho akaja nyuma ya bintiye.

"Na lile la zamani? Unalivunja?"

"La! Hakuna fundi anayetupa kiini cha zamani. Unakiweka kando. Kipya kikigoma, unarudi kwa kile."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Unauliza?"

Maandishi yakasimama. Kitinda alipumua, akazima, akawasha. Wote wakasogea. Kioo kikawa cheusi. Mama Sweta aliweka jicho pale pale alipozoea, na ingawa alijua, kuna sehemu yake iliyomngojea mwingine.

*kitinda@sweta*. Namba ishirini na nane.

"Ishirini na nane?" akauliza. "Si hili ni lako la kwanza?"

"Namba sikuiweka mimi. Nilitagia kwenye kiota chake kilekile, vitu vyote nilivikuta kama alivyoviacha. Kompyuta ikahesabu yenyewe kutoka pale alipoishia."

Mama Sweta alitikisa kichwa polepole. Mkono wake ulikwenda begani mwa bintiye, ukakaa hapo. Nyuma yao mashine ya tano ikainua sindano zake za kwanza, na mama wa pacha akapiga kigelegele hadi jirani wa mbele akachungulia. Redio, ambaye alikuwa amejizuia mno, akawika.

Sweta zilifika shuleni Jumamosi, mbele na nyuma zikilingana.

Likizo ikaisha, Kitinda akarudi mbali. Asubuhi ya kwanza bila yeye, Mama Sweta aliwasha kompyuta, jina likapita. Kisha akachukua simu.

"Mama? Kuna nini mapema hivi?"

"Hakuna. Nimekuona."

"Wapi?"

"Umepita hapa sasa hivi, mbio mbio, hata salamu hukungoja."

Upande wa pili kikasikika kicheko chenye maji ndani yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mguu wa kushoto bado."

Wakazoea hivyo. Aliye hai ana raha yake, ukimwita huitika, na siku nyingine hulalamika kwamba umemwamsha.

Lakini kompyuta, kabla haijaanza, husubiri kidogo. Kitinda alimwonyesha mama yake: ukiiacha, inaanza na yai jipya. Ukigusa kitufe chenye mshale wa chini, inaanza na la zamani. Siku nyingi aliiacha. Alijua Fundi yuko hapo chini, mstari mmoja tu, na kujua huko kulimtosha kama maji kwenye mtungi, huyanywi yote kwa kuwa yapo.

Asubuhi moja ya mvua, mvua ya aina ile ile ya mwaka jana, haikumtosha. Alifungua droo, akaishika bisibisi kiganjani. Akagusa mshale.

Cheusi. *waya@sweta.* Akapita.

Hakumweleza habari ya mguu. Alimwambia tu kwamba milango sasa ni sita. Akabaki hapo, mashine mbili za mwisho zikiwa hazisikii chochote, mvua ikigonga mabati, mpaka aliposikia vicheko vya wafumaji wakikung'uta miavuli nje. Ndipo alipozima, akawasha upya, akaiacha ichague yenyewe.

"Mama Sweta, mbona leo mashine imechelewa kuamka?" Redio akauliza akivua viatu vilivyolowa.

"Tulikuwa na mgeni."

"Mvua yote hii? Nani huyo?"

Mama Sweta alirudisha bisibisi, akasukuma droo.

"Mwenye nyumba," akasema. "Alipita mara moja. Haya, kazini."